Daktari wetu atazungumza na mgonjwa kwa lugha gani?

Kila panapozuka mjadala kuhusu elimu ya udaktari nchini, wasomi wetu huzungumzia uhaba wa wahadhiri, karo na mishahara ya madaktari wanagenzi. Hayo ni mambo mazito, nami siyabezi hata kidogo. Hata hivyo lipo moja ambalo aghalabu halitajwi, na kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, daktari wa vitabu wala si wa sindano, naona ni wajibu wangu kulitaja. Huyu kijana tunayemfundisha kwa Kiingereza kwa miaka yote hiyo atazungumza na mgonjwa kwa lugha gani, na ni nani aliyemwandaa kwa mazungumzo hayo?

Jibu ninaliona katika maisha ya msomi mmoja wa humu humu nchini. Profesa Miriam Were, aliyezaliwa mwaka wa 1940, hakuanzia kwenye udaktari. Alianza kama mwalimu wa shule. Fauka ya hayo, alikuwa mtunzi: riwaya yake The Eighth Wife ilitoka mwaka wa 1972, naye akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1973. Wale wanaowaambia watoto wetu kwamba fasihi na sayansi ni kama maji na mafuta na waitazame miaka hiyo miwili. (Riwaya yenyewe aliiandika kwa Kiingereza, jambo ambalo mtu kama mimi hawezi kulipita bila kuguna, lakini tuliache.)

Chuoni humo alifundisha afya ya jamii, akapanda hadi kuiongoza idara hiyo. Badala ya kuwangoja wagonjwa wodini, katika miaka ya 1970 alikwenda vijijini huko Kakamega. Wanakijiji walichagua wenzao, nao wakafunzwa mambo ya maji safi, vyoo, lishe na chanjo. Watu hao hawakuwa na digrii yoyote. Walichokuwa nacho ni lugha ya majirani zao pamoja na adabu zake: walijua mkwe huulizwaje habari za choo, na mama mzazi huambiwaje kuhusu mtoto anayedhoofika bila kuonekana kwamba analaumiwa. Ujuzi wa namna hiyo haufundishwi katika chumba cha kupasulia maiti.

Kuhusu vyeo vilivyofuata sitakawia. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka wa 1981, akaliwakilisha Shirika la Afya Duniani nchini Ethiopia, akaliongoza Baraza la Taifa la Kudhibiti Ukimwi hapa nyumbani, na mwaka wa 2008 akatunukiwa na Japani Tuzo ya Hideyo Noguchi. Muhimu zaidi ni kuwa wazo lile la wahudumu wa afya walio wanakijiji lilikuja kuwa sera ya serikali katika mkakati wa mwaka wa 2006, na mnamo 2023 takriban wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii wakasambazwa kote nchini.

Basi muuguzi wa mashinani tumempa lugha, au tuseme tumemkuta nayo. Daktari je?

Chukueni neno "homa". Kwa mmoja ni malaria, kwa mwingine ni mafua, kwa wa tatu ni joto la mwili tu. "Tumbo" la mgonjwa wetu laweza kuanzia chini ya kifua likaishia kwenye kizazi. Anayeambiwa ana ugonjwa wa sukari huacha sukari ya chai, kisha akaendelea na sahani ya ugali kama kawaida, maadamu ugali hauna utamu. La hatari zaidi ni "chanya". Katika hotuba na magazeti, mambo chanya ni mambo mema. Mtu akielezwa kwamba matokeo ya kipimo chake ni chanya, kwa nini asishangilie? Hakuna kosa la Kiswahili hapo. Kosa ni la anayetamka neno bila kuuliza limesikikaje.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za tiba. Hoja hiyo hainitishi. Wanakijiji wa Kakamega hawakuwa na kamusi ya tiba, na kazi ilifanyika. Wengine watasema kwamba mgonjwa wa kijijini huzungumza lugha ya mama, si Kiswahili. Kweli, na hilo linaongeza mzigo wa kufundisha, haliupunguzi. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sioni kwa nini kiishie kwenye lango la chuo cha udaktari.

Profesa Were alikuja kuwa chansela wa Chuo Kikuu cha Moi, ambacho kitivo chake cha udaktari, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1990, kimekuwa kikiwapeleka wanafunzi katika jamii kama sehemu ya masomo yao. Huo ni mwanzo mwema. Lakini kumpeleka mwanafunzi kijijini si sawa na kumpima kama alieleweka huko.

Pendekezo langu ni jepesi. Kabla ya kuhitimu, kila mwanafunzi wa udaktari na uuguzi akae mbele ya mama muuza mboga, mbele ya watahini wawili, mmoja wao akiwa mtu wa lugha, amweleze shinikizo la damu ni nini na dawa zake humezwaje. Kisha yule mama aulizwe ameelewa nini. Asipoelewa, mtahiniwa arudie mtihani huo mwaka ufuatao, kama anavyorudia anatomia.