Reli ya Ruzizi isitupotee mara ya pili

Ndugu zetu wa Bukavu, nanyi wa Uvira na tambarare yote ya Ruzizi,

Mwambie kijana wa Kadutu kwamba Kivu ya Kusini iliwahi kuwa na treni, atacheka. Ilikuwako. Mwaka 1931 shirika la CEFAKI lilifungua njia ya kilomita 94 hivi, kutoka bandari ya Kalundu, Uvira, hadi Kamanyola. Mwaka 1958 ikafungwa.

Bukavu yenyewe, enzi hizo ikiitwa Costermansville, haikusikia honi yake. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo mto Ruzizi unaporomoka mamia ya mita kabla ya kufika Kamanyola. Aliyewahi kupanda mteremko wa Ngomo ndani ya lori haulizi kwa nini reli iliishia chini. Kahawa ya huku ilishuka kwa lori, Kamanyola ikahamishiwa mabehewani, Kalundu ikapakuliwa tena na kuingizwa melini. Kutoka hapo ilivuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie na reli ya Kabalo, au hadi Kigoma, ambako Wabelgiji walipewa sehemu yao ya bandari kwa mkataba wa 1921, kisha treni hadi Dar es Salaam. Kwa kupakua na kupakia kote huko, si ajabu kwamba lori lilishinda.

Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971, na injini za mvuke ziko pale, watoto wanazipanda. Jinja nao wamefungua yao miaka hii ya karibuni. Sisi hatuna injini ya kupaka rangi, wala sitawadanganya kwamba tutaipata. Tulichobakiwa nacho ni watu, karatasi na vipande vya chuma. Aliyekuwa kijana wa miaka 18 treni iliposimama, leo amevuka 80.

Kwa hiyo tunawaomba. Mwenye babu au bibi aliyeiona treni ile, kaa naye, washa simu, rekodi. Usimwulize "historia". Mwulize wafanyakazi walilipwa nini, treni ilisimama wapi, ilibeba nini, na vyuma vilikwenda wapi baadaye. Aseme Kifuliiru, Kivira au Mashi, tafsiri itangoja. Kitabu cha kazi kikipatikana, kipige picha kila ukurasa, hata ule ulioliwa na mende. Chenyewe kibaki nyumbani kwenu.

Ukikuta kipande cha reli, kinagongwa kama kengele ya shule au kimegeuzwa boriti juu ya mlango, usikimbilie kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sugua kutu ubavuni. Mara nyingi kuna herufi zilizoinuka: kiwanda kilichokitengeneza na mwaka. Tandika karatasi juu yake, pitisha mkaa polepole, herufi zitajitokeza. Nyuma ya karatasi andika umekikuta wapi na kwa nani.

Najua mtu atasema: watu wanakimbia vita, ninyi mnaongelea treni? Ndiyo, na ndiyo sababu hatuwezi kungoja. Familia ikikimbia hubeba watoto na sufuria, sanduku la karatasi hubaki. Picha iliyo kwenye simu mbili, moja Bukavu na nyingine Bujumbura, haiungui pamoja na nyumba.

Wanafunzi wa historia wa ISP, chuo cha ualimu, mnaotafuta mada ya kazi ya kuhitimu, hii hapa. Walimu wa Sange, Luvungi na Kamanyola, wapeni watoto kazi hii wakati wa likizo. Wao ndio wanajua ni mzee gani anapenda kuongea. Tena kuna mipango ya reli mpya kutoka Tanzania kupitia Burundi, inayotajwa kufika Uvira na hata Kindu. Wahandisi watakuja na ramani zao. Ingefaa wakute hapa watu wa kuwaonyesha tuta la zamani lilipopita, na mahali ambapo mito ya milimani huvunja njia mvua ikizidi.