Jokofu la duka la mtaani na bei ya umeme

Habari za nishati nchini mwetu zimetawaliwa na Bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115. Ni jambo la kumshukuru Mungu, hasa kwetu tunaokumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2023. Lakini umeme kuwapo kwenye gridi ni jambo moja, na mama mwenye duka dogo kuumudu ni jambo jingine. Hili la pili halijapata wasemaji wengi.

Tuitazame hesabu yenyewe. Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, mteja wa majumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, yaani kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Kodi na tozo huifikisha takriban 122. Anayezoea kuvuka kikomo hicho huhamishiwa T1, kwa shilingi 292, ambazo kwa kodi na tozo hufika takriban 356. Sasa tuchukue mfano wa nyumba yenye duka barazani na mita moja ya LUKU. Taa, televisheni na pasi zatumia uniti 40. Jokofu la mtumba, lenye mpira wa mlango uliochakaa, likila uniti 2 kwa siku, jumla ni uniti 100 na gharama yakaribia shilingi 35,600. Jokofu bora likila uniti 1 kwa siku, jumla ni 70, familia hubaki D1, nayo hulipa kama shilingi 8,500. Kwa duka la maziwa na soda, tofauti hiyo ya shilingi 27,000 ni mtaji.

Basi aliyeshindwa kununua kifaa bora ndiye anayelipa zaidi kila mwezi. Ushauri wa kufuta vumbi nyuma ya jokofu na kuliepusha na jua ni mwema, ila haununui jokofu.

Kwingine wamethubutu. Huko California, makampuni ya umeme yamewabadilishia wenye maduka madogo ya vyakula taa na mipira ya milango ya majokofu, kwa fedha zitokanazo na tozo ndogo katika ankara za wateja wote. Ghana ilianza mwaka 2012 kuwapa punguzo waliosalimisha majokofu makuukuu, na mwaka uliofuata ikatekeleza marufuku ya kuingiza ya mtumba.

Tusifiche kwamba TANESCO ingepoteza sehemu ya mapato ya T1. Ingepata, hata hivyo, nafuu ya mzigo wa jioni kwenye transfoma za mitaani, na EWURA, inayoidhinisha bei, ina uwezo wa kulipima jambo hilo kwa mizani ya mafao ya wengi. Katika *Laudato si'*, waraka wake wa mwaka 2015, Papa Fransisko alifundisha kuwa kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa pamoja. Twaona vyote viwili vikikutana katika jokofu hili.

Kanuni auni yatutaka nasi tusingoje kila kitu kutoka juu. VICOBA na SACCOS za parokia zetu zaweza kudhamini mkopo wa jokofu. Na kama LUKU imeweza kukusanya kodi ya majengo tangu mwaka 2021, yaweza pia kupokea marejesho ya mkopo huo, kidogo kidogo, kutoka katika fedha ambazo mwenye duka angezilipia umeme uliopotea.