Minecraft: kazi ya bure, na nani anabaki na mali?

Mu nyumba mingi za wafanyakazi, watoto wanacheza Minecraft ku telefone. Wanashuka chini, wanavunja mawe, wanatafuta makaa, chuma na almasi. Ba papa wanacheka, juu wao walilipwa ao hawakulipwa kwa kazi ya namna ileile. Lakini nyuma ya muchezo huu kuko kesi moja ambayo mutu wa sendika anaielewa haraka kuliko mutu wa ordinatere. Ni kesi ya watu waliofanya kazi bila mushahara, kisha siku moja wakasikia kama kazi ile iko na mwenyewe, na mwenyewe si wao.

Minecraft ilizaliwa ku Uswidi. Markus Persson aliianzisha mu mwaka 2009, na kampuni yake iliitwa Mojang. Muchezo unauzwa, na kode yake ilifungwa, maana yake maandiko ambayo ordinatere inafuata hayakupewa watu. Hata vile, wachezaji walitaka kuongeza vitu vyao: nyumba mupya, wanyama wapya, kanuni za kuzuia wezi ku serveri, ni kusema ordinatere ambayo watu wengi wanakutana juu yake ili wacheze pamoja. Kitu kile cha kuongeza kinaitwa modi. Mutu anakitengeneza usiku, kisha kazi ya mukate, na anakitoa bure.

Ku mwisho wa mwaka 2010 kikundi kimoja kilianzisha mradi wa Bukkit. Pamoja na nusu yake ya pili, CraftBukkit, ulikuwa musingi wa serveri mingi sana za Minecraft. Waliweka kode yao chini ya lisansi inayoitwa GPL na ndugu yake LGPL. Hapa tusimame kidogo, juu ndiyo moyo wa mambo.

GPL ilitolewa mara ya kwanza mu mwaka 1989 na Richard Stallman, Mumarekani. Inasema hivi: chukua kazi yangu, itumie, ibadilishe, igawe, hata uiuze. Lakini ukiigawa, na ile uliyoitengeneza juu yake lazima uitoe wazi, na kode yake, kwa uhuru uleule nilikupa. Haiseme kama mwandishi ametupa haki yake. Watu wengi wanakosa pale. Kitu cha bure si kitu kisicho na mwenyewe. Mwandishi anabaki mwenye haki, na lisansi ni ruhusa yenye masharti. Ukivunja sharti, ruhusa inakwisha na unabaki sawa na mwizi wa kawaida. Na haki ile haiombwe ku biro yoyote: kufuatana na mapatano ya Berne ya mwaka 1886, ambayo Congo yetu iko ndani yake, inazaliwa pamoja na kazi yenyewe.

Sasa, mwezi wa 2 mwaka 2012, Mojang iliwaandika kazi viongozi wane wa Bukkit. Watu walipiga mikono. Mradi uliendelea, wengine wakaendelea kuandika bure. Mwezi wa 8 mwaka 2014, kiongozi mumoja akatangaza kama Bukkit inafungwa. Siku ileile Jens Bergensten wa Mojang akajibu kama haiwezi kufungwa na yeye, juu Mojang ndiyo mwenye Bukkit tangu ile siku iliandika wale wane. Wandugu, mufikiri: miaka miwili na nusu watu wanabeba mawe kwa kichwa, wanajua ni nyumba ya jamaa, kumbe kulikuwa tajiri ndani na hakuna aliyewaambia.

Muandishi mumoja mukubwa wa ile kode, ambaye hakuwa kati ya wale walioandikwa kazi, alikasirika. Mwanzo wa mwezi wa 9 alitumia sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayoitwa DMCA, akaomba CraftBukkit itoshwe ku intaneti. Neno lake lilikuwa la nguvu. Mumenunua jina la mradi na mulango wake, akasema kwa mufano, lakini kode niliyoandika ni yangu, na nilitoa ruhusa kwa GPL tu. Ndani ya CraftBukkit kuko kode yangu na kode ya Mojang zimechanganyika. GPL inataka yote iwe wazi. Mojang inasema haijapana ruhusa kode yake iwe wazi. Basi hakuna mutu anaweza kuigawa kwa haki. Ikatoshwa. Tarehe 15 ya mwezi uleule, Microsoft ikatangaza kama inanunua Mojang kwa dolari milioni 2 500, ni kusema miliari 2 na nusu.

Mimi naona huyu mutu alikuwa na haki ku kartasi, lakini mugomo wake aliupigia pahali pabaya. Mojang haikuumia. Walioumia ni vijana wenye serveri ndogo, waliolipa mafranka yao ya kila mwezi na kubaki pasipo njia ya kupata toleo jipya. Ni sawa na kugoma kwa kufunga njia ya wafanyakazi na kuacha njia ya lori za tajiri. Tena, kulikuwa ufa tangu mwanzo: ile kode ya Mojang iliingia mu CraftBukkit pasipo ruhusa, na kila aliyeandika pale alijua. Ukijenga juu ya kiwanja cha mwengine, lisansi yako nzuri inalinda matofali yako, haikupe kiwanja.

Hii haikuanzia Minecraft. Mu mwaka 1998, kule Marekani, kampuni Micro Star ilikuwa imekusanya visehemu 300 vya muchezo Duke Nukem 3D ambavyo wachezaji walitengeneza na kutoa bure, ikaviuza mu CD moja. FormGen, iliyokuwa na haki za muchezo, ikashinda: korti ikasema visehemu vile vinaendelesha hadisi ya muchezo wake, hata kama ndani hamna picha yake hata moja. Kampuni mbili zinapigania gunia. Waliojaza gunia hawakuwa upande wowote.

Mu mwezi wa 4 mwaka 2015, Valve na Bethesda zilijaribu kuuza modi za muchezo Skyrim. Mwenye kutengeneza modi: asilimia 25. Valve: 30. Bethesda: 45. Modi moja ya kuvua samaki ilitoshwa mara moja, juu ilitumia kazi ya mutu mwengine aliyeitoa bure na ambaye hakuulizwa. Kisha siku chache tu, mbele ya kelele ya wachezaji, biashara yote ikafungwa. Sijafurahia sana kelele ile. Wengi walipigania wao wenyewe wasilipe, wachache walipigania mutengenezaji apate zaidi ya robo.

Kuko vijana wetu, watoto wa wachimbaji, wanaojifunza kode leo. Kama wanaingia mu kazi ya pamoja, waulize mapema swali ambalo delege anauliza mbele ya kutia sahihi: lisansi ni gani, ni nani anashika haki za wote, na kama mukubwa akiandikwa kazi kwa tajiri kesho, anauza nini? Sahani yako tu, ao chungu chote?

Wenzake na Bukkit, walioendesha mradi wa Spigot, walipata njia yao ku mwisho wa mwaka 2014. Waliacha kugawa serveri iliyokwisha kutengenezwa. Wanagawa viraka vyao tu, kode waliyoandika wao, pamoja na programu ndogo. Mwenye serveri anaianzisha, inaenda kuchukua kode ya Mojang kwa Mojang wenyewe, halafu inashona viraka mulemule ndani ya ordinatere yake. Inakamata dakika chache zaidi, na hakuna anayemugawia mwengine kitu kisicho chake.