Fundi wa gesi apatikane Remba

Kwa muda wa miaka kadhaa sasa serikali imekuwa ikiwasihi wananchi waache kuni, makaa na mafuta ya taa, washike gesi. Haikusihi kwa maneno matupu. Mwaka 2018 ushuru wa shilingi 18 ulitozwa kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa hoja ya kuwakomesha walaghai waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, na pigo likamwangukia mama aliyekuwa akinunua mafuta ya kibatari kwa kipimo cha kikombe. Nao ushuru wa VAT juu ya gesi ya kupikia, uliorudishwa kwa asilimia 16 mwezi wa Julai 2021, ulipunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata na kuondolewa mwaka 2023. Basi mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake, ule uitwao meko, umevuka ziwa na kufika hata kisiwani Remba. Hilo ni jambo jema. Lakini mtungi umevuka peke yake. Fundi wake amebaki ng'ambo.

Asiyekijua kisiwa hicho cha Kaunti ya Homa Bay na afikirie jiwe katikati ya Ziwa Victoria, ambalo juu yake wavuvi na wachuuzi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wamejenga vyumba vya mabati vilivyosongamana hata ukuta wa mmoja ukawa ni ukuta wa jirani yake. Watu wamefuata mbuta na omena, na aliyefuata samaki hana nafasi ya kuchagua kiwanja. Chumba kimoja ndicho jiko, ndicho ghala, ndicho malazi. Moto ukizuka humo haumhusu mwenye chumba pekee. Gari la zimamoto halipandi mashua, na maji yote yale ya ziwa hayana faida kubwa kwa mtu aliyeshika ndoo moja.

Katika hali hiyo, ushauri unaotolewa kila mahali kuhusu gesi, kwamba ukiona kasoro usiguse bali mwite mtaalamu, ni ushauri mzuri uliokosa miguu. Mtaalamu yupi? Anaitwa kutoka wapi, na usiku ziwa likiwa limechafuka atakuja na chombo gani?

Tusidhani kwamba ushauri huo ulianza kwa busara tu. Nchini Uingereza, ambako nyumba nyingi zina boila ya gesi ya kupasha maji na vyumba joto, sheria inamkataza mtu yeyote kulipwa kwa kazi ya gesi nyumbani isipokuwa jina lake limo katika daftari maalumu, ambalo tangu Aprili 2009 linaitwa Gas Safe. Wenzetu hao walifika hapo kwa machungu. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, mpangaji mmoja wa jumba la Ronan Point, jijini London, aliwasha kiberiti apike chai. Gesi iliyokuwa imevuja ililipuka, pembe nzima ya jumba hilo la orofa 22 ikaporomoka, na watu 4 wakapoteza maisha. Wachunguzi walipochambua kifusi walikuta kwamba nati ya shaba iliyounganisha mpira wa gesi na jiko ilikuwa hafifu, nayo ilikuwa imevunjika. Haikuwa boila, ndugu msomaji. Lilikuwa jiko la kupikia, na kosa lilikuwa katika nati inayoenea katika kiganja. Mpangaji yule hakuwa na namna ya kuujua ubovu wa nati ile. Aliyestahili kuujua ni fundi.

Hoja yangu haisemi kwamba mwenye nyumba akae mikono mitupu. Kinyume chake, mengi yamo katika uwezo wake, na watu wa Remba wana mfano mzuri mikononi mwao. Mvuvi ambaye injini ya mashua yake imezimika ziwani haanzi kwa kuifungua yote. Hutazama kwanza kama petroli ipo, kisha kama mpira wa mafuta haukukunjika, kisha huchomoa plagi, huifuta na kuirudisha. Yakishindikana hayo, huchukua kasia au huita mwenzake amvute, kwa kuwa anajua kwamba aliyefungua kabureta juu ya mawimbi hupoteza skrubu na safari pamoja. Utaratibu huo hakuupata shuleni. Ameupata kwa mazoea. Jiko la gesi nalo lina utaratibu wake, ila halijakaa nasi muda wa kutosha kuyajenga mazoea hayo.

Chukua kasoro ya kawaida kabisa: moto uliokuwa wa samawati umegeuka manjano na sufuria inaingia masizi. Maana yake ni kwamba gesi haipati hewa ya kutosha, mara nyingi kwa sababu uji au mafuta ya samaki yamemwagikia kichomeo. Hapo hahitajiki fundi. Valvu ifungwe, kichomeo kiachwe kipoe, kioshwe, matundu yake yazibuliwe kwa pini na kikaushwe barabara. Lakini ile tundu moja ndogo iliyo ndani, ambayo gesi hupenyea ikitoka mtungini, isichokonolewe. Ikipanuka hata kidogo, gesi hupita kuliko inavyostahili, na jiko halitakuwa tena lile lililonunuliwa.

Kisha kuna moto dhaifu. Kwa kawaida sababu yake ni nyepesi: mtungi umekaribia kwisha. Hapa ndipo watu wanapofanya mambo ya kutisha, wakiulaza mtungi ubavu au kuupindua ili kukamua mabaki, wengine wakiukalisha juu ya makaa. Gesi iliyo ndani ya mtungi ni maji maji yaliyoshindiliwa, na yakiwa hewa huongezeka ujazo zaidi ya mara 200. Mtungi uliolazwa huyatoa maji maji hayo kichomeoni yenyewe, na moto uliokuwa wa shubiri moja hupaa hadi darini. Uliopashwa moto unaweza kupasuka. Shilingi chache za gesi iliyobaki chini hazistahili hata kufikiriwa.

Jambo la tatu ni harufu. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Ule uvundo wa kitunguu kilichooza hutiwa makusudi ili pua ya mtu iwe kengele yake. Desturi hiyo ilitiliwa mkazo wa sheria huko Texas, Marekani, baada ya shule ya New London kulipuka tarehe 18 Machi 1937 na kuua karibu watu 300, wengi wao watoto, kwa gesi ambayo hakuna aliyeinusa. Basi anayeinusa asiizoee. Na ajue kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipai ikatokea darini. Hushuka, hutambaa sakafuni na kutuama chini ya kitanda, mahali pale pale ambapo wengi huuficha mtungi. Upepo wa ziwa ukipenya mlangoni na kuuzima moto wa uji bila mpishi kutambua, kitasa kikabaki wazi, chumba cha mabati hujaa kimyakimya kuanzia miguuni. Anayenusa na afunge valvu, afungue mlango, awatoe watoto, autoe mtungi nje ikiwa anaweza, wala asiwashe wala kuzima kitu chochote, si kiberiti, si swichi ya taa ya sola, si tochi. Akiwa nje penye upepo, mbali na moto wa jirani, apake povu la sabuni penye maungio. Panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Kutafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti, jinsi baadhi ya wauzaji wanavyofanya mbele ya wateja ili kuonyesha ujasiri, ni upumbavu unaostahili faini.

Kama povu linatoka pale kichomeo kinaposhikana na mtungi, huenda ni kipete cha mpira kilichochakaa au kilichokaa upande, na kwa kufungua na kukaza tena huenda kukatulia. Hapo ndipo pana mpaka wa mkono wa mwenye nyumba. Mapovu yakiendelea, au yakitoka kwenye valvu yenyewe, au mtungi ukiwa umebonyea na kuliwa na kutu, au regyuleta ya mtungi mkubwa ikitoa mluzi, asiongeze nguvu ya koleo. Asifunge kwa utambi wa mpira wa baiskeli. Valvu ya mtungi haitengenezwi nyumbani, wala hata na fundi wa kijijini. Ni kazi ya kampuni inayoujaza, na mtungi wenyewe urudi huko ulikotoka.

Niongeze kidogo juu ya adui asiye na uvundo, maana anasahauliwa. Moto usiopata hewa, uwe wa gesi au wa makaa, hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki. Anayeingiza jiko chumbani usiku apate joto na kufunga mlango anaweza asiamke. Kwa huyo hakuna fundi wa kuitwa. Jiko lilale nje.

Turudi kwa fundi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, Embakasi, jijini Nairobi, gesi ililipuka na kuua watu kadhaa na kujeruhi zaidi ya 200, na mamlaka ya nishati, EPRA, ikatangaza kwamba ilikuwa imekataa mara kadhaa maombi ya kibali cha kituo cha kujazia gesi mahali hapo. Ikiwa hilo liliwezekana katika mji mkuu, kilomita chache kutoka ofisi za wakubwa, ni nani anayekagua mitungi inayoteremshwa ufuoni Remba pamoja na unga na kreti za soda?

Najua watakaosema kwamba fundi wa gesi hawezi kupata riziki katika kisiwa kidogo hivyo. Pengine ni kweli, akiwa fundi wa gesi peke yake. Lakini Remba haina upungufu wa mikono yenye ujuzi. Wapo wanaotengeneza injini za mashua, wapo wanaofunga sola na kuunga betri za taa za kuvulia omena. Mtu anayeweza kuisikiliza injini na kutaja plagi iliyokufa hahitaji miaka 3 chuoni ili ajue kupima uvujaji, kubadili mpira na kibanio, na kutambua mtungi usiofaa kuuzwa. Anahitaji mafunzo mafupi, vifaa halali na cheti cha kumtofautisha na mjuaji wa mtaani.

Nani amfundishe? Katiba ya mwaka 2010 imeikabidhi serikali ya kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, na katika orodha hiyo hiyo imeikabidhi huduma za zimamoto na kukabiliana na maafa. Kaunti ya Homa Bay, basi, ndiyo mwenye shule na ndiyo mwenye moto. Haiwezi kungoja Nairobi. Jirani yake Migori ana Migingo, kisiwa kidogo zaidi na chenye msongamano wa kutisha vilevile. Kaunti hizo mbili zinaweza kugawana mwalimu mmoja na mashua moja.

Kampuni za gesi nazo zisijifiche nyuma ya wachuuzi. Anayeandika jina lake juu ya mtungi na kupokea faida yake atozwe sharti la kumfundisha kila muuzaji wa visiwani kabla ya kumpa mzigo, na la kuirudisha bara mitungi mibovu kwa gharama yake, ili mama mkaanga samaki asiambiwe tena, "Kaza tu, mama, itashika." Vikundi vya usimamizi wa fuo, yaani BMU, ambavyo vina kanuni zake tangu mwaka 2007 na vinajua nani analala chumba gani, viwe na daftari la mafundi waliofuzu, majina na nambari zao za simu yakiwa yameandikwa kwa rangi ukutani pale omena inapopimwa. Bunge la kaunti lipitishe fedha za mafunzo hayo katika makadirio yajayo, na mafundi wa kwanza watoke katika mabanda ya injini yaliyopo Remba leo.