MIKONO YETU: Sauti ya Gitaa la Bosco kwa Fedha Kidogo

Mwezi huu tunazungumza juu ya gitaa.

Katika vijiji vingi wapo vijana wanaopenda gitaa. Wengi wanapenda nyimbo za zamani ambazo wazee wao walizisikia redioni. Wakisikia gitaa la Mwenda Jean Bosco, wanauliza: "Sauti hii nitaipata wapi?" Kisha wanajijibu wenyewe: "Lazima ninunue gitaa la bei kubwa." Wengine wanafikiri lazima wapate gitaa la umeme, spika, na mashine ya kukuza sauti.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Kijana anauza mbuzi wawili, au anauza mahindi ya akiba. Anakwenda mjini na kurudi na gitaa linalong'aa. Baada ya miezi miwili gitaa linaning'inia ukutani. Sauti aliyoitaka haipo. Mbuzi hawapo. Mahindi nayo hayapo.

Kabla hujauza kitu, soma ukurasa huu mpaka mwisho.

BOSCO ALIKUWA NANI?

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika Katanga, nchi ya Kongo. Watu wake ni Wayeke. Historia ya Wayeke inatuhusu sisi Watanzania. Babu zao walitoka upande wetu, kwa Wasumbwa na Wanyamwezi. Walikwenda Katanga kufanya biashara katika karne ya 19, wakakaa huko. Mkuu wao Msiri aliujenga mji wa Bunkeya.

Mwaka 1952, Bosco alikuwa kijana wa miaka 22. Mtu mmoja aitwaye Hugh Tracey alikuwa akizunguka Afrika na kurekodi muziki. Alimkuta Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Akamrekodi. Wimbo wa Masanga ukajulikana katika nchi nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alifika Nairobi, na watu wa Afrika Mashariki wakazidi kumjua. Nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili cha Katanga. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Sasa sikiliza jambo muhimu. Sauti ile ya mwaka 1952 haikutoka katika gitaa la umeme. Ilitoka katika gitaa kavu, lile ambalo wazee wetu wanaliita galatoni. Aliyewashangaza watu alikuwa mtu mmoja, mwenye gitaa moja na vidole viwili.

Kwa hiyo wewe mwenye gitaa kavu la bei ndogo hujaachwa nyuma. Unacho chombo cha aina ile ile. Kinachobaki ni kukitengeneza vizuri na kujifunza kukipiga.

KUCHAGUA GITAA

Ukinunua gitaa lililokwisha tumika, usitazame rangi. Tazama mambo manne.

1. Shingo. Weka jicho lako kwenye kichwa cha gitaa, kisha tazama kuelekea chini. Shingo isiwe imepinda sana kama upinde.

2. Tumbo. Gonga kwa kidole pole pole. Ukisikia mlio kama wa kitu kilichoachia, mbao ndani zimeachana. Zinahitaji gundi ya mbao.

3. Funguo za kukazia nyuzi. Zizungushe moja moja. Zisiwe zinarudi nyuma zenyewe.

4. Aina ya nyuzi. Gitaa la Bosco lilikuwa la nyuzi za chuma. Yapo magitaa mengine yaliyotengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Katika gitaa hilo nyuzi tatu nyembamba hufanana na mshipi wa kuvulia samaki. Usilifunge nyuzi za chuma hata kidogo. Chuma huvuta kwa nguvu nyingi. Daraja litang'oka au shingo itapinda, na fedha yako itakuwa imepotea.

KUSHUSHA NYUZI

Magitaa mengi ya bei ndogo yana kosa moja. Nyuzi zimekaa juu mno. Mwanafunzi akibonyeza, vidole vinauma. Sauti nayo inapanda na kuwa ya uongo, kwa sababu uzi umevutwa sana. Vijana wengi huacha gitaa kwa sababu hii. Wanadhani hawana kipaji, kumbe ubaya uko kwenye gitaa.

Hesabu vyuma vidogo vilivyopita kwenye shingo, kuanzia kichwani. Simama kwenye chuma cha 12. Pima nafasi kati ya chuma hicho na uzi mnene. Ikiwa ni milimita 3 au chini kidogo, ni vizuri. Ikiwa ni milimita 5, nyuzi ziko juu mno.

Dawa yake ni hii. Kwenye daraja kuna kipande chembamba cheupe kinachobeba nyuzi. Legeza nyuzi, kisha kitoe. Tandaza msasa juu ya ubao ulionyooka. Sugua upande wa chini wa kipande hicho, ule unaoingia katika daraja. Sugua kidogo, rudisha, funga nyuzi, pima tena. Ukipunguza milimita 2 kwenye kipande, nyuzi zitashuka milimita 1 tu kwenye chuma cha 12. Usiwe na haraka. Ukipunguza mno, nyuzi zitagonga vyuma na kutoa mlio wa nyuki.

Je, kipande chako ni cha plastiki laini? Tengeneza kingine kwa mfupa wa ng'ombe. Chemsha mfupa, ondoa mafuta, uache ukauke kabisa. Ukate kwa msumeno mwembamba, kisha usugue mpaka ulingane na kile cha zamani. Funika pua na mdomo kwa kitambaa unaposugua, maana vumbi la mfupa si zuri kwa mapafu. Mfupa ni mgumu, hivyo sauti hutoka safi zaidi.

NYUZI

Ukiwa na fedha kidogo, nunua nyuzi mpya kabla ya kufikiria gitaa jipya. Chagua nyuzi nyembamba za chuma. Nyuzi za zamani zenye kutu hutoa sauti iliyokufa.

Ikiwa huwezi kununua sasa, fanya hivi. Vua zile nyuzi nene zilizoviringishwa waya. Zichemshe katika maji kwa muda wa dakika 10. Zikaushe vizuri kabisa, kisha zifunge tena. Uchafu na jasho vikitoka, sauti itarudi kung'aa kwa siku chache. Kila ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu.

Wengine hutumia waya mmoja mmoja wa kebo ya breki ya baiskeli. Waya huo unaweza kukusaidia kwa uzi mwembamba ukikatika. Lakini hauwezi kuchukua nafasi ya uzi mnene wa besi, na ncha yake hukata vidole. Ikunje ncha hiyo.

KIBANO CHA PENSELI

Chukua penseli na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Laza penseli juu ya nyuzi zote sita, nyuma kidogo ya chuma cha pili. Zungusha mpira nyuma ya shingo na ukaze pande zote mbili, mpaka kila uzi ulie bila kukwaruza.

Sasa piga. Utaona sauti imepanda na imekuwa kali kidogo. Tena nyuzi zimekuwa rahisi kubonyeza. Kibano hiki kinakusaidia pia kuifuata sauti ya mwimbaji. Akiimba juu, sogeza penseli mbele.

KULINGANISHA NYUZI

Uzi mwembamba kabisa ni wa kwanza. Uzi mnene kabisa ni wa sita. Toa kibano, kisha fanya hivi:

Bonyeza uzi wa 6 nafasi ya 5. Uzi wa 5 ulie sawa na huo.
Bonyeza uzi wa 5 nafasi ya 5. Uzi wa 4 ulie sawa.
Bonyeza uzi wa 4 nafasi ya 5. Uzi wa 3 ulie sawa.
Bonyeza uzi wa 3 nafasi ya 4. Uzi wa 2 ulie sawa.
Bonyeza uzi wa 2 nafasi ya 5. Uzi wa 1 ulie sawa.

Gitaa zuri ambalo halikulinganishwa hushindwa na gitaa bovu lililolinganishwa.

VIDOLE VIWILI

Hapa ndipo ilipo siri ya Bosco. Mkono wake wa kulia ulifanya kazi kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba lilipiga nyuzi nene. Kidole cha shahada kilipiga nyuzi nyembamba. Msikilizaji anadhani wako watu wawili.

Anza na mkono wa kushoto. Kidole cha pete kibonyeze uzi wa 5 nafasi ya 3. Cha kati kibonyeze uzi wa 4 nafasi ya 2. Cha shahada kibonyeze uzi wa 2 nafasi ya 1.

Wiki ya kwanza tumia gumba peke yake. Piga uzi wa 5, kisha wa 4, kisha wa 5, kisha wa 4. Liende sawasawa kama mchi katika kinu. Lisikimbie, lisisimame.

Wiki ya pili ongeza kidole cha shahada. Kivute uzi wa 2 au wa 1 kwenda juu. Kwanza kipige pamoja na gumba. Baadaye kipige katikati ya pigo moja la gumba na jingine. Gumba likianza kuyumba, rudi kwenye somo la wiki ya kwanza. Usione haya.

Wiki ya tatu jifunze mshiko wa pili. Kidole cha pete uzi wa 6 nafasi ya 3, cha kati uzi wa 5 nafasi ya 2, cha shahada uzi wa 1 nafasi ya 1. Gumba lipige uzi wa 6 na wa 4. Badilisha kati ya mishiko hii miwili bila kulisimamisha gumba.

Mahali pa kupigia nako kuna maana. Ukipiga juu ya tundu, sauti ni laini. Ukisogea karibu na daraja, sauti ni kali na kavu. Sogeza mkono kidogo kidogo huku ukiusikiliza wimbo katika simu au redio. Simama pale sauti zinapokaribiana. Acha pia ukucha wa kidole cha shahada uote kidogo tu kupita nyama.

Mwisho, mpe mwenzako chupa ya soda na msumari. Agonge chupa kwa mwendo wa gumba lako. Wapigaji wa Katanga walifanya hivyo, na bendi yao ikatosha.

Ndugu msomaji, hesabu vitu tulivyotumia. Ni msasa, mfupa, penseli, mpira wa baiskeli na chupa. Nyuzi mpya peke yake ndizo zilizotaka fedha za maana. Muda nao unatakiwa, nusu saa kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini wanafunzi wengi huacha gitaa mapema?
2. Kuna hatari gani kufunga nyuzi za chuma katika gitaa la nyuzi za plastiki?
3. Nani kijijini kwenu anajua kupiga gitaa kwa vidole viwili? Mwombeni aje kuwafundisha kabla ujuzi huo haujapotea.