Staji si kuchemsha chai ya mukubwa

Vijana wenzetu wa Butembo, wa Beni na wa kwingine,

Kipindi cha mastaji kinakaribia tena, na tunajua tayari namna itakavyopita. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho atatembea na barua ya chuo mu mukono, apande na kushuka vilima vya muji huu, biro hii, biro ile, aambiwe "rudia siku ya ine". Akipokelewa, mara nyingi ataombwa franga za staji. Halafu atapewa kiti kando ya mulango. Atatumwa fotokopi, atatumwa unite za mukubwa, atachemsha chai, na saa sita ataambiwa arudi nyumbani. Kisha mwezi moja anaandika raporo ya kurasa makumi mbili na tano, na kurasa kumi za kwanza ni historia ya biro ile, zilitolewa mu raporo ya mutu wa mwaka uliopita, ambaye naye alizitoa kwa mutu wa mbele yake. Anapewa pointi nzuri. Kila mutu anafurahi, na komini haikufaidika ata na kitu kimoja.

Sasa muingie mu biro ileile mutazame kazi yenye inalala pale. Rejistre za watoto wenye wamezaliwa zinaandikwa na kalamu mu vitabu vikubwa, na kitabu kikiloana na mvua ao kikipotea mu vita, jina la mutoto linapotea nacho. Shefu wa kartie anahesabu watu wake mu kaye. Na tukisema kuhesabu: mara ya mwisho inchi hii kuhesabu raia wake ilikuwa mwaka 1984. Wengi wa ba mama zetu walikuwa watoto, ao hawajazaliwa. Kila kitu tunachosikia juu ya wingi wa watu wa Butembo ni makadirio, na juu ya makadirio yale njo wanapanga dawa, madarasa na bomba za maji.

Kwa hiyo tuko na pande mbili zenye zinatafutana bila kuonana. Huku komini zine, Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, zenye kazi nyingi na watu wachache wenye kujua ordinatere. Huku vyuo vyenye vinatoa kila mwaka vijana wa sheria, wa uchumi, wa informatike, wa afya, wa kilimo, wenye hawajawahi kugusa kazi yenyewe. Sisi tunasema staji iwe kazi, na kazi ile iwe ya muji.

Tutoe mufano mumoja na tuufuate mupaka mwisho, sababu mifano kumi ya mbio haisaidie mutu.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inasema mutoto aandikishwe ku eta sivili mu siku 90 kisha kuzaliwa. Mu siku zile 90 kuandikisha ni bure. Zikipita, muzazi anapashwa kupitia tribinali ya watoto, na pale kuko safari, kuko kungojea, kuko matabishi. Muzazi wa kawaida anaacha. Mutoto anakua bila cheti, na siku ya mutihani wa serikali, ao siku ya kutafuta paspoti, njo wanaanza kukimbia huku na huku. Ongeza pale wakimbizi wa vita. Tangu Kanyabayonga ilipoanguka mu mwisho wa Juni 2024, jamaa nyingi za Lubero zilikimbilia huku kwetu, wengi wanalala kwa ndugu. Mama amejifungulia ugenini, hajui biro iko wapi, hajui kama ana siku 90. Nani atamuambia?

Weka sasa mwanafunzi wa sheria ku maternite ya kartie, asubuhi mbili kila juma. Ana fomu za komini. Anaongea na mama mu Kiswahili ao mu Kinande, anajaza majina, anamusomea tena ili jina lisikosewe (ni wangapi kati yetu wenye kuandikwa jina moja ku cheti na lingine ku diplome?), halafu fomu zinaenda kwa afisa wa eta sivili. Afisa njo anasaini, mwanafunzi hana haki ya kusaini. Kule ku komini, mwanafunzi wa informatike anaingiza mu ordinatere rejistre ya mwezi ule, na ya zamani pole pole, na kopi inawekwa mahali pengine, mbali na panya na moto. Wote wawili wanasaini karatasi ya siri, maana habari za watu si za kupeleka ku WhatsApp. Hakuna muradi wa mamilioni pale. Ni meza, fomu, ordinatere moja yenye kutembea, na mukubwa mumoja mwenye kukubali kusimamia.

Kisha staji, kijana yule anajua eta sivili kuliko mutu mwenye alisoma silabisi tu. Na mutoto ana cheti.

Kuko watu watasema hizi ni ndoto za vijana. Wakumbuke Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa imeisha tarehe 25 Juni 2020, na katikati watu 2287 walikufa mashariki ya inchi. Butembo na Katwa tuliumia sana. Majipu yalijaa mu muji, wageni walifika na kalamu na mishahara, na raia wengi waliona kama ni biashara. Kutuma mutu mwenye haufahamu lugha ya avenyu aulize "nani alimugusa marehemu?" ni kuomba mawe. Wakati ule muji ulikuwa na wanafunzi mamia ya afya na ya maendeleo wenye wanajua kila kinjia cha kilima. Wamoja walichukuliwa, wengi walibaki wanatazama. Hatusemi wanafunzi wangezuia Ebola, ile ingekuwa bongo. Tunasema kama komini ingekuwa na lisiti ya nyumba zake, ya chemuchemu zake, ya wagonjwa wa kawaida wa kila kartie, na kama lisiti ile ingetengenezwa na watoto wa palepale wenye watu wanawajua kwa sura, kazi ya kwanza isingeanza ku zero. Ugonjwa mwingine utakuja, na kwa lisiti ile bado hatujaona mwanzo.

Staji yenye wakubwa watakatala kwanza ni ile ya makuta. Katiba ya 2006, mu artikle ya 3, inasema muji na komini viko na utu wao mbele ya sheria na vinajiongoza. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inavipa haki ya 40% ya ile sehemu ya feza ya inchi yenye inapewa jimbo. Kila mutu anajua namna feza ile inavyotembea: Kinshasa inasema ilituma, jimbo linasema halikupata, komini inasema hata harufu haikusikia. Inabaki taksi za soko, na zile tunalipa kila siku. Mwanafunzi wa uchumi anaweza kukaa ku komini mwezi mumoja, akusanye maandishi ya mapato na matumizi, ayapange ku karatasi moja, karatasi ipigwe ku mulango wa komini ili muuza-sombe asome. Asiguse franga ata moja. Aandike tu. Mutatuambia bugumestre gani atamufungulia kabati.

Na huku kwetu swali lile ni zito zaidi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya eta de sieje, mairie inaongozwa na afisa wa polisi. Mu Desemba 2023 makonseye wa komini walichaguliwa mu miji mikubwa ya majimbo tu, na Butembo haikukuwamo. Hakuna mutu tulimuchagua mwenye anaweza kuuliza komini ilifanya nini na taksi ya mwaka. Mwanafunzi si konseye, hatutaki kumubebesha muzigo usio wake. Lakini karatasi ku mulango ni kitu kuliko kimya.

Kuko neno moja linatuogopesha, na ni lazima tulitaje. Inchi hii inajua sana kutumikisha watu bure. Waulize walimu na wauguzi wenye wanaitwa "nouvelles unités", wenye wanatumika miaka bila mushahara wa serikali. Waulize wanafunzi wa uuguzi wenye wanabaki peke yao na wagonjwa usiku, huku muuguzi mwenye zamu amelala nyumbani. Komini ikisikia "wanafunzi wanakuja", ya kwanza yenye itawaza ni kufunga nafasi za kazi. Staji ya namna ile tutaipinga sisi wenyewe, kwa nguvu ileile yenye tunaombea hii. Staji iwe na mwanzo na mwisho wenye kuandikwa, iwe na mukubwa mwenye jina mwenye anafundisha, na mwanafunzi asichukue nafasi ya mutu mwenye anapashwa kulipwa.

Franga za staji ziondolewe. Tumesikia maelezo yote: karatasi, wino, "motivation" ya ankadreri. Mwanafunzi amekwisha kulipa minervali, muzazi ameuza mbuzi, na biro inapata mikono ya bure, halafu analipa tena? Kama kuna feza ya kutoka, itoke upande wa pili, ya moto ya kupanda Bulengera na ya chakula cha saa sita. Bila ile, staji nzuri itabaki ya watoto wenye baba zao wako na gari.

Vyuo navyo visijifiche nyuma ya komini. Tangu LMD ilipoingia, kila kazi ya mwanafunzi inahesabiwa mu kredi, na staji imo. Basi mwalimu ashuke siku moja aone mwanafunzi yuko wapi. Na raporo, mbele ya kuwekwa mu kabati ya fakilte, iwe na kurasa mbili za Kiswahili zenye shefu wa kartie anaweza kusoma, zirudishwe kwake. Leo mutu anahojiwa mu avenyu yake, anajibu maswali saa nzima, na hajui ata siku moja majibu yake yalienda wapi.

Kwa sisi wanafunzi: tuache kununua cheti cha staji. Tunajuana. Kuko wenye wanabaki nyumbani mwezi muzima, muhuri unapigwa, na kesho wanapiga kelele ku mitandao kwamba serikali ni ya bongo.

Barua yetu kwa mairie na kwa wakubwa wa vyuo inaandikwa. Tunaomba vitu vitatu tu: kila komini ibandike lisiti ya kazi zenye inahitaji wanafunzi, mbele mastaji yaanze, franga za staji zifutwe kwa maandishi, na maternite moja kwa kila komini ianze na ile kazi ya vyeti vya watoto. Mwenye kuwa na resi ya franga za staji atuletee fotokopi, jina lake tutalificha. Mwenye alilipa bila resi, na tunajua ni wengi, atuandikie tarehe, kiasi, na mulango wenye alipitia.