Jubilei ya Ndoa: Ukumbi au Safari?

Miongoni mwa barua za mwezi huu ipo ya mama mmoja wa Nzega. Yeye na mumewe watatimiza miaka 25 ya ndoa mwakani. Bwana wake na mashemeji wanataka ukumbi, keki ya ngazi tano, sare za vitenge na kamati ya michango. Mama mwenyewe anatamani wasafiri, wao wawili tu. Binti yao amewaonyesha picha za Italia, jinsi watu wanavyopanda treni Roma asubuhi, wakashuka Florence, kisha wakaendelea hadi Venice, na katika kila mji wakaona kanisa la kale na kula chakula cha hapo. Anauliza kama ni dhambi kwa mke Mkristo kutamani jambo kama hilo, na kama si dhambi, wasio na nauli ya ndege wafanyeje.

Si dhambi. Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 tunawakuta Akila na Priskila, mume na mke, waliotoka hukohuko Italia. Walilazimika kuondoka Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakakaa Korintho wakishona mahema, kisha wakasafiri na Paulo hadi Efeso. Ukifungua Warumi sura ya 16 unawakuta tena Roma. Kila wanapotajwa, wanatajwa wawili. Wengi wetu safari tulizofanya na waume zetu ni za msibani na za hospitali ya rufaa, basi.

Kuhusu ukumbi nitasema wazi: siupendi. Siku ile maharusi wa miaka 25 huketishwa mbele kama picha ukutani, hawapati hata nafasi ya kuzungumza, na wiki inayofuata wanaanza kulipa deni la mpishi na mpiga muziki. Mwe na ibada ya shukrani Jumapili, mchungaji au padri awaombee, majirani wapate chai na maandazi. Shemeji atanung'unika. Mwacheni anung'unike. Fedha zinazobaki ni za safari.

Sasa safari yenyewe. Mama wa Nzega, wewe unakaa karibu kabisa na njia ambayo watu wa Ulaya walivuka bahari ili waione. Ni njia ya misafara ya zamani, kutoka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, kupitia Unyanyembe ambako ndiko Tabora, kisha Ugogo, hadi Bagamoyo pwani. Ni kama kilometa 1,200, na wapagazi walitumia miezi mitatu au zaidi. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, inafuatana nayo kwa sehemu kubwa. Mnaweza kushuka mji hadi mji kama wale wa kwenye picha, na lugha mnaijua.

Nashauri muanzie ziwani, mje nayo kuelekea pwani. Kutoka Tabora hadi Kigoma kwa treni ni kama kilometa 400. Uliza mapema stesheni kuhusu behewa la kulala, kwa sababu katika vyumba vya watu wengi kwa desturi wanawake hulala kwao na wanaume kwao, nawe hukuvumilia miaka 25 ili usiku wa jubilei ulale na wageni. Njiani mtavuka Malagarasi na kupita Uvinza, ambako chumvi yake ilikuwa bidhaa ya misafara. Kigoma kuleni migebuka kwa mawese. Ujiji iko jirani tu, na ndipo Stanley alipomkuta Dakta Livingstone mwaka 1871. Tahadhari moja ya kiuguzi: ziwa ni zuri lakini lina kichocho, hasa kandokando palipo na majani na makazi ya watu. Tazameni, pigeni picha, msioge.

Mkirudi Tabora, siku nzima iwe ya Kwihara, nje kidogo ya mji, penye tembe waliloishi Stanley na Livingstone. Jengo la sasa limejengwa upya kwa mfano wa lile la zamani. Watu huingia, husoma maandishi ukutani, hutoka. Ninyi kaeni nje kivulini kidogo, kwa sababu pale pana jambo la kuzungumza mume na mke.

Livingstone alimwoa Mary Moffat mwaka 1845. Mwaka 1852 alimpeleka meli na watoto kwenda Uingereza, naye akabaki Afrika miaka minne akitembea. Mama yule aliishi kwa shida, hana makao ya kudumu, na watoto mkononi. Baadaye alimfuata mumewe, na mwaka 1862 akafa kwa homa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi. Kwa hiyo yule mzee aliyekaa Kwihara mwaka 1872, kuanzia Februari hadi Agosti, akisubiri wapagazi, alikuwa mjane wa miaka kumi. Simhukumu, kazi yake dhidi ya biashara ya watumwa ilikuwa njema. Lakini waume zetu wengi nao wana kazi njema: kamati ya ujenzi wa kanisa, vikao vya ukoo, shamba la tumbaku. Muulize baba watoto, kwa upole, hapohapo chini ya mti, kama anadhani Mary alikuwa na ndoa. Kisha msikilize, usimkate kauli.

Yupo na mama mwingine wa njia hiyo ambaye vitabu vya shule havimtaji sana, naye ni Halima, mpishi wa Livingstone. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Walipita Unyanyembe mwezi Oktoba, wakafika pwani Februari 1874. Halima alifuatana na mwili huo hadi Zanzibar. Mhariri aliyezichapa shajara za Livingstone alisikitika kwamba huduma ndefu ya mama huyo haikulipwa kitu. Wala hakuwa mwanamke pekee njiani. Wake wa wapagazi wa Kinyamwezi walitembea na waume zao, wamebeba vyungu na mikeka, wakipika kila kambi. Anayekuambia kwamba kusafiri na mume ni desturi ya Wazungu, mweleze habari za bibi zetu hao.

Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, kama ni sawa kufanya furaha ya ndoa katika njia ambayo watu walifungwa minyororo. Ndoa ngapi zilivunjwa pale, mke akauzwa huku na mume kule? Nami nasema ndiyo sababu mojawapo ya kwenda. Mnakwenda kama watu wawili ambao hakuna aliyewatenganisha. Bagamoyo, kwenye misheni iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, waliokombolewa utumwani walipata makao. Salini pale, iwe ninyi ni Wakatoliki, Wamoravian au Wapentekoste.

Kati ya Tabora na Dodoma hakuna haraka. Mtavuka nchi kavu ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali, wakiiogopa kwa kukosa maji, kisha Ugogo, ambako watemi walitoza kila msafara ushuru. Ushuru huo uliitwa hongo, na neno hilo mnajua limeishia wapi! Lalani Dodoma. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka hapo hadi Dar es Salaam kwa kama saa nne, na kutoka Dar kwenda Bagamoyo ni basi.

Kuhusu afya. Dawa za presha au kisukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, na ziwe za siku nyingi kuliko za safari, maana treni huweza kuchelewa. Chandarua kifungwe, hata nyumba ya wageni ikisema wanacho. Katika treni simameni na kutembea kila baada ya saa moja au mbili ili miguu isivimbe. Maji ya kunywa mbebe wenyewe.

Na lile ambalo akina mama huniuliza mlangoni baada ya ibada kwa sauti ya chini: umri huu wengi wetu hedhi inakoma au imekoma, mwili unakauka, na tendo la ndoa linaweza kuuma. Dawa na vilainishi vipo. Nenda kliniki mwezi mmoja kabla ya safari, useme bila aibu. Mzee naye, kama ana kisukari au anameza dawa za presha, anaweza kupungukiwa nguvu. Amwone daktari, asinunue vidonge vya barabarani, nawe usimfanyie mzaha hata kidogo.

Jambo la mwisho ni namna ya kumwambia. Usimpelekee mpango uliokwisha, ataona umemzunguka. Nunua daftari, kaeni kila Jumamosi jioni na simu zikiwa chumba kingine. Yeye achague miji miwili, wewe miwili. Kama ni mpenzi wa historia ya Mirambo, mpe Urambo, mtaipita mkielekea Kigoma. Fedha ziwekwe pamoja, kila mmoja ajue kiasi, na watoto waambiwe mapema kwamba zile si za ada. Chagueni Juni hadi Agosti, kiangazi, barabara za pembeni zikiwa kavu. Mkitaka embe za Tabora itabidi mngoje Novemba au Desemba, na mvua mtakuwa mmeikubali.

Fedha zikibaki, kutoka Dar kuna boti kwenda Zanzibar, na kanisa kuu la Anglikana mahali palipokuwa soko la watumwa. Zisipobaki, rudini nyumbani. Mama wa Nzega, ukirudi uniandikie, hasa bei za vyumba Kigoma na kama chakula cha kwenye treni kinalika. Wapo wengine wanne walioniuliza.